Sululu Zimefika

Jumamosi, 5 Oktoba

Mbayuwayu wa Ulaya wamejipanga kwenye nyaya za umeme mbele ya nyumba. Msimu umeanza. Saa moja asubuhi kundi letu la WhatsApp, Macho ya Pwani, tayari lina jumbe kumi na tisa. Kumi na mbili ni za Mwaija.

Mwaija anakaanga samaki pale sokoni. Hakusomea ndege. Kazi yake ni kuinua kichwa kutoka kwenye karai, kutupa jicho ufukweni na kusema yule ni fulani. Na huwa ni fulani kweli. Inakera.

Lakini darubini ninayo mimi! Si ile ya kuning'iniza shingoni. Ni ile kubwa ya miguu mitatu, mali ya kundi. Kanuni ni moja tu: anayemtangaza sululu mkubwa wa kwanza wa msimu, kwa picha, anakaa nayo mwaka mzima. Sululu wadogo hawahesabiwi, wamejaa kila mahali. Mkubwa ndiye mgeni hasa. Hutoka kwenye baridi huko, ana mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, ndiyo maana akaitwa kwa jina la kile chombo cha kuchimbia. Nimeshinda miaka miwili mfululizo.

Niseme ukweli humu, maana hakuna anayesoma. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka thelathini na mmoja. Nilipostaafu, watu wa Bagamoyo waliendelea kunisalimia, ila bila kusimama. Darubini ilipoingia barazani kwangu, wakaanza kusimama. Shikamoo Mwalimu, naomba nichungulie kidogo. Bila darubini mimi ni mzee mwenye kofia. Haiondoki hapa.

Adila, mke wangu, ameuliza kama nitakunywa chai au nitaendelea kuandika juu ya chai kupoa.

Jumapili, 6 Oktoba

Mpango wa kwanza. Nimetuma picha ya sululu mkubwa wa mwaka jana, nikaandika "leo alfajiri". Pongezi zikamiminika. Nimekuwa mtu mwenye furaha kwa dakika nne.

Kisha Mwaija. Ametanguliza shikamoo, akasifu picha, akauliza kwa adabu kama ule mnazi nyuma ya ndege si ndio ulioanguka masika. Ndio. Uliangukia choo changu, nami nililalamika wiki mbili kundini humo humo.

Nimejibu kwamba huo ni mnazi mwingine. Jatin, katibu wetu, akaomba picha ya huo mwingine. Nimezunguka saa nzima kutafuta mnazi unaofanana na marehemu. Minazi haifanani! Umri wote huu sikuwahi kulijua hilo. Mwishowe nimeandika kwamba simu ilijituma yenyewe.

Huyu Jatin ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi. Babu wa babu yake alizaliwa hapa hapa. Nilimfundisha kidato cha pili, mtoto mpole, hakuwa na makuu. Siku hizi ana mvi na anaomba ushahidi.

Jumanne, 8 Oktoba

Mpango wa pili: kumwondoa Mwaija mjini. Nimemnong'oneza sokoni kwamba kuna kitu cha ajabu kule Kerege, kwenye madimbwi ya wafyatua matofali. Hakuna kitu kule. Ameacha karai kwa mdogo wake, akapanda gari. Ufukwe wote ukawa wangu.

Nimesimama na darubini kuanzia saa tatu hadi saa tisa. Matokeo: shakwe, kunguru, sululu wadogo tisa, na mama mmoja aliyetaka kujua nachungulia nini. Nikamwambia natazama ndege. Akaangalia angani, akasema mbona hasikii muungurumo.

Saa kumi, kundini. Mwaija ameleta picha za keremkerem, wale wala nyuki wa kijani, sitini na zaidi, wametua kwenye waya mmoja wa Kerege. Haijawahi kutokea. Amenishukuru mbele ya wote kwa moyo wangu wa kugawana habari. Watu wameniwekea makofi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Njama! Nimeigundua njama!

Asubuhi Jatin ameweka ujumbe kundini, akaufuta baada ya dakika moja. Amechelewa. Nimeunakili neno kwa neno: "Mwaija, sululu zimefika. Nne, kubwa. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi zitakuwa Kaole, nyuma kwa Bi Ashatu. Usitangaze sana, watu wakizidi zitagombewa."

Kwa hiyo katibu, mtu wa kanuni, anampelekea habari Mwaija kwa mlango wa nyuma. Nyuma kwa Bi Ashatu kuna mikoko na tope, mahali penyewe kabisa. Amejuaje watakuwepo Jumamosi? Amepiga hesabu ya maji kujaa na kupwa. Ni mfanyabiashara, hesabu anaziweza.

Lakini lugha! "Sululu zimefika." Ndege ni kiumbe hai, wamefika, si zimefika. "Watagombewa", si zitagombewa. Nimeupigia mstari mwekundu humu shajarani, mara tano. Miaka yangu yote ile ilikwenda wapi?

Ijumaa, 11 Oktoba

Baada ya sala nimepita dukani kwa Jatin, kisingizio misumari. Nimemuuliza kwa kuzunguka kama kuna kitu kikubwa kimefika wiki hii. Hakuficha hata kidogo! Amesema ndiyo, zimetoka nje, ni ngumu ajabu, hazichoki. Nikasema kwa mkazo kwamba hakika hawachoki. Akasema hakika hazichoki. Nikamwambia wana midomo mizuri. Akasema ncha zake ni kali, ndiyo.

Tumeagana hivyo. Nimeondoka bila misumari.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una malengelenge.

Saa kumi na moja na nusu nilikuwa Kaole, nimelala kifudifudi kwenye mikoko, gunia mgongoni, darubini imesimama pembeni yangu na majani juu yake. Mbu walinijua kwa jina. Saa kumi na mbili zikasikika sauti, watu kama kumi. Nikashangaa, siri gani hii ya watu kumi? Mwanamke mmoja akauliza kama sululu zimeletwa. Jatin akajibu kwamba zipo kwenye gari.

Kwenye gari! Wamewakamata! Damu ilinichemka. Nimependa ndege maisha yangu yote, tangu miaka miwili iliyopita. Nikachomoka topeni na gunia kichwani, nikipiga kelele waachieni, waachieni huru!

Nyuma ya gari kulikuwa na sululu nne. Kubwa. Mpya. Mipini yake bado imefungwa nailoni.

Kisha Mwaija akanisalimia, shikamoo Mwalimu. Nikasema marahaba. Akawageukia watu, akawaambia watazame wenyewe, Mwalimu ametoka mjini, amefika kabla ya wenyeji, na tayari amechafuka kwa kazi. Wakapiga makofi. Kumbe ulikuwa msaragambo. Mvua za vuli zinaanza, na kila mwaka maji huingia hadi kitandani kwa Bi Ashatu, kwa hiyo wanachimba mtaro. Mwaija ndiye mwenyekiti wa shughuli. Jatin amejitolea vifaa. Nami nikapewa sululu ya kwanza kwa heshima.

Nimechimba. Saa tatu na nusu mtaro ulinifika kwenye paji la uso. Bi Ashatu alinishushia muhogo wa kuchemsha humo humo shimoni na kuniombea dua. Mwaija akainama ukingoni, akauliza kama anaweza kuchungulia kwenye darubini kidogo wakati napumzika. Mdomo wangu umejaa muhogo. Nikamwashiria atumie.

Juu pakawa kimya. Kimya cha namna ile ninachokifahamu. Halafu simu yake ikalia kwa kupiga picha.

Sululu mkubwa. Wa kweli, mwenye mbawa. Alitua kwenye tope, hatua thelathini kutoka kwangu, akatembea, akakamata kaa, akamla kwa starehe zake. Wote walimwona. Bi Ashatu alimwona, na macho yake yana mtoto wa jicho. Mimi niliona udongo. Nilipopanda juu kwa kuvutwa na watu wawili, alikuwa ameondoka.

Picha imeshafika kundini. Imepigwa kupitia darubini yangu. Mdomo umeonekana wote. Pembeni, chini kushoto, kuna kofia imechomoza ardhini. Ni yangu.

Nimeumia. Sina namna nyingine ya kuliandika. Nimeumia.

Jumapili, 13 Oktoba

Makabidhiano dukani kwa Jatin. Nimeipangusa darubini kwanza, miguu yote mitatu. Mwaija ameipokea kwa mikono miwili, akasema itakaa pale kwenye karai, na muda wowote nikitaka kuchungulia nipite tu, kiti changu kipo. Maneno ya kistaarabu. Inakera.

Alipoondoka, Jatin ameninong'oneza. Amesema angekuwa na maana ya ndege angeandika wamefika. Amesema nilimwandikisha sentensi hiyo mara mia, kidato cha pili, na daftari bado analo. Nimemjibu kwamba nafurahi kuona masomo yangu hayakupotea. Kisha nikachukua ile misumari, nisionekane nimekuja bure.

Jioni barazani. Wamepita watu sita. Mmoja amesimama, akatazama pale ilipokuwa, akauliza iko wapi. Nimesema imekwenda kufanyiwa matengenezo. Akasema anaiombea kheri, akaondoka. Mvua kubwa imenyesha hadi magharibi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Matumaini! Jatin ametangaza kundini kanuni mpya, nadhani kwa kunionea huruma, lakini kanuni ni kanuni. Atakayeleta picha ya korongo mweupe wa Ulaya, ambaye hajaonekana huku miaka mingi, atakaa na darubini hadi masika.

Na saa nane hii hii, bahati imebisha hodi yenyewe. Adila yumo kwenye kikundi cha akina mama pamoja na Mwaija. Ameacha simu mezani. Mwaija amewaandikia: "Tahadhari jamani. Korongo kubwa limetokea Kerege baada ya mvua ya jana, karibu na barabara. Ni refu mno. Msilisogelee."

Limetokea! Refu! Msilisogelee! Mtu amekabidhiwa darubini jana, na leo hajui kwamba korongo ametokea, ni mrefu, msimsogelee. Huyu atafundishwa na nani? Lakini kosa lake ndiyo faida yangu. Wengine wote watachanganyikiwa na ngeli, mimi nimeelewa. Na hilo la kutomsogelea ni hila ya wazi, anataka awe wake peke yake.

Simu iko kwenye chaji. Bodaboda atanifuata saa kumi na moja alfajiri, kabla hakujapambazuka, nimvizie korongo akiwa bado amelala. Nitatembea kwa kunyata, bila tochi.

Nimemweleza Adila mpango wote. Ameusoma ujumbe, akanitazama, akausoma tena. Kisha ameingia stoo, akatoka na kamba ndefu ya kisimani, akasema nisiende bila hiyo. Nimemweleza kwa upole kwamba sisi hatukamati ndege, tunawatazama tu.