Mlango wa Benchi la Nungunungu

Alhamisi, 4 Aprili

Theluji tena. Aprili! Nimelichimbua gari kwa koleo asubuhi nzima mpaka mgongo ukagoma, kumbe ni gari la jirani. Amenishukuru sana.

Hali ya timu: sisi Nungunungu wa Larkwood tumebakiza mechi tatu. Nafasi ya mwisho ya kuingia mtoano tunaigombea na Port Delorme. Tumelingana pointi. Tukimaliza hivi hivi wanapita wao, maana wameshinda mechi nyingi kuliko sisi. Kwa hiyo lazima tuwazidi, hata kwa pointi moja.

Hali yangu: mbaya. Kocha Gervais ameniita ofisini, akaniambia kwa upole kwamba huu ndio msimu wangu wa mwisho. Eti magoti yamechoka. Yamechoka na nini? Sijacheza tangu Novemba! Mimi ni kipa wa akiba. Kipa wa kwanza ni Aapo Hietala, kijana wa Kifini, mpole, hana kasoro, anakula uji. Mimi nakaa mwisho wa benchi na kofia yangu, nafungua mlango mdogo wa kuingilia barafuni. Kwenye hoki ya barafuni watu hawasubiri ruhusa ya refa kubadilishana. Wanaingia na kutoka mchezo ukiendelea, mbio kama wamefukuzwa na mbwa, na lazima awepo wa kuwafungulia. Ndiyo kazi yangu, na nisijisifu bure, naifanya vizuri.

Lakini ukuta! Timu yetu ikifika mtoano hupigwa picha, picha ikatundikwa kwenye ukuta wa korido ya uwanja. Baba yangu, Mzee Metro Hrynchuk, yupo pale tangu 1974, anacheka, meno mawili hana. Mimi nimekaa timu hii miaka kumi na moja, ukutani sipo. Kila mwaka tunakosa kidogo tu. Kila Jumapili nikienda kumwona kule nyumba ya wazee, swali lake ni lile lile: Orest, umeshapanda ukutani?

Mwaka huu napanda. Nimeanza mpango wa ndevu. Mtoano ukianza, desturi yetu hakuna kunyoa mpaka timu itolewe. Ndevu zangu zinaota kwa kusitasita, huku mbili, kule tatu. Nikianza kufuga leo, siku ya picha nitakuwa na kidevu cha maana. Kwa sasa nitazificha kwa skafu. Nani atajua?

Jumamosi, 6 Aprili

Wamejua.

Tumefungwa nne kwa moja, tena kwetu. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kila mtu alikuwa anaangalia viatu vyake. Jasho likaniwasha shingoni. Nikashusha skafu bila kufikiri.

Kapteni Dallas Ferrier akanikazia macho kidevuni. Akaniuliza, Babu, hiyo nini? (Wananiita Babu. Nina miaka thelathini na sita!) Nikasema ni uchafu. Akasogea, akavuta unywele mmoja. Haukutoka. Lo, kelele zilizofuata! Kumbe ndiyo maana tumefungwa! Huwezi kufuga ndevu za mtoano kabla ya kuingia mtoano, ni kuita mkosi kwa jina lake! Mmoja akasema nina kiherehere cha kuzaliwa nacho. Mwingine akataka nilale nje kwenye theluji mpaka nitubu.

Kapteni akaninyoa mwenyewe, maji ya baridi, mbele ya wote. Hietala akanishikia taulo. Akaniuliza kwa heshima kama naumia. Simpendi huyu kijana. Mtu wa kuchukiwa hapaswi kuwa na adabu hivyo.

Ahueni moja tu: Port Delorme nao wamefungwa. Bado tumelingana.

Jumapili, 7 Aprili

Kwa Baba. Wamepika pirogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, na krimu chachu, chakula anachokipenda kuliko mimi. Amekula moja akasukuma sahani. Sijawahi kumwona akisukuma pirogi. Amekonda, na akisema maneno matatu anapumzika.

Lakini domo lipo! Ameshatangazia chumba kizima cha kulia kwamba mwanawe anapanda ukutani mwezi huu. Wazee wanne wamenipa mkono. Bibi mmoja kanipa peremende. Baba amemwomba muuguzi ampigie pasi jezi yake ya zamani, aivae siku ya kwenda kuona picha. Nikamwambia Baba, bado hatujapita. Akanishika mkono, akasema, "Orest mwanangu, usinicheleweshe."

Nilikaa garini muda kabla ya kuwasha. Sikuwa nalia. Kioo kilikuwa na ukungu.

Basi nimepata mpango mwingine. Kocha amepiga marufuku habari za Port Delorme kwenye benchi. Atakayetaja jina hilo atajuta, anasema, tucheze mechi yetu tu. Hekima gani hiyo? Mtu anayezama lazima ajue kina cha maji! Muuguzi wa Baba, Noreen, ni shabiki wetu wa damu, ana kiti chake nyuma ya benchi na redio ndogo sikioni. Nimemwomba awe jasusi wangu. Port Delorme wakiongoza, apunge skafu nyekundu. Wakifungwa, atulie. Akaniuliza mara mbili kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia aniachie mimi mambo ya mbinu.

Jumatano, 10 Aprili

Jezi zetu ni nyekundu. Mashabiki wetu wote wana skafu nyekundu. Uwanja mzima ulipunga skafu nyekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilidhani Port Delorme wanaongoza kwa mia.

Nilitazama nyuma mara nyingi hadi Kocha akaniuliza kama nimepoteza mtu. Kapteni alirudi mbio akakuta mlango haujafunguliwa, akaupiga kwa kifua. Alinitukania babu, na babu wa babu, halafu akaomba radhi kwa sababu yeye alimfahamu marehemu babu yangu.

Lakini tumeshinda! Tatu kwa mbili! Hietala amezuia vitu ambavyo hata kuviona sikuviona. Nikamkumbatia kabla sijakumbuka kwamba simpendi. Port Delorme nao wameshinda. Bado tumelingana! Yote ni Jumapili.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimewaza sana. Kosa la Jumatano lilikuwa rangi. Dawa ni mtetemo.

Simu ndani ya glavu! Benchi ni baridi, navaa glavu nene ya sufu, simu inaingia kiganjani bila kuonekana. Mechi ya Port Delorme inaanza mapema kuliko yetu, itaisha kabla yetu. Ikiisha, Noreen atanibipu. Wakishinda, mara moja. Wakifungwa, mara mbili. Noreen amekubali lakini amesema wazi, Orest, mimi nafanya hivi kwa ajili ya baba yako, wewe mwenyewe unanitia wasiwasi.

Nimeijaribu mazoezini. Imetetemeka vizuri. Hietala akasikia mlio, akauliza ni nini. Nikasema ni mashine ya kupasha vidole joto. Akashangaa kwamba Kanada kuna kitu kama hicho na Ufini hakuna. Halafu akaniambia, kwa ile sauti yake ya kanisani, kwamba yeye huwa anatulia golini akijua mimi niko mlangoni. Kila akisikia kitasa kikilia anajua watu wametoka salama.

Nikamwambia ale uji wake.

Jumapili, 14 Aprili

Mungu wangu.

Niandike tu, yaishe.

Uwanja umejaa, watu wamesimama hadi kwenye ngazi. Kule nyumba ya wazee, Baba amewekewa televisheni, jezi amevaa. Kipindi cha tatu, cha mwisho, mbili kwa mbili. Dakika ya mwisho inayoyoma. Tukifika muda wa nyongeza tu tuna pointi moja mkononi, hata tukija kufungwa baadaye. Mimi niko mlangoni, mkono wa kulia umeshika kitasa. Glavu ya kulia. Simu iko ndani ya glavu ya kulia.

Ikatetemeka. Moja. Wameshinda, tumekwisha.

Ikatetemeka tena. Mbili!

Port Delorme wamefungwa! Pointi moja inatutosha! Tumeingia mtoano! Niliruka. Niliruka kwa moyo wote, nikarusha mikono yote miwili juu, na mkono wa kulia ukaondoka na kitasa.

Mlango ukafunguka wazi, pwaa. Watu watatu waliokuwa wamekaa tayari wakaona mlango wazi, wakaona Babu anarusha mikono, wakajua Kocha ameita mabadiliko. Wakaingia. Hakuna aliyetoka! Niliwaita warudi. Hawakusikia, kila mtu alikuwa anapiga kelele. Kile kisahani cha mpira tunachokigombea kikamgonga mmoja wao mguuni, refa akapuliza. Watu wengi mno uwanjani. Adhabu: mmoja wetu nje, tubaki pungufu.

Kocha alinigeukia. Wakati huo huo simu ikateleza kutoka kwenye glavu, ikaanguka kwenye kiatu chake, ikatetemeka mara ya tatu. Noreen, kwenye kiti chake nyuma ya benchi, alikuwa ananipigia aniulize nimefanya nini.

Hietala alizuia shuti la kwanza. Akazuia la pili akiwa amelala chini. La tatu liliingia, saa ikiwa karibu kugota.

Tatu kwa mbili. Tumelingana pointi na Port Delorme. Wamepita wao.

Hakuna aliyenigusa. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa nafuu. Kapteni alikaa karibu yangu na viatu vyake vya barafu bila kuvivua, akasema tu, Babu, Babu, Babu. Halafu Kocha akaingia, akasimama katikati, akanguruma kwamba katika maisha yake hajaona jambo kama hili, na kwamba afadhali mwakani Hietala afungue mlango na mimi nikae golini!

Sikwenda kwa Baba. Sina uso wa kumtazamia.

Jumatatu, 15 Aprili

Mji mzima unajua. Nimeingia benki, nikagusa mlango, watu watatu wakarudi nyuma. Kwenye duka la mikate wameandika karatasi mlangoni: Orest, tutakufungulia sisi. Mama muuzaji amenipa mkate bure, akasema pole mwanangu, huku anacheka mpaka anashika meza. Na mimi nikacheka. Ningefanya nini?

Tumekwenda kutoa vitu vyetu makabatini. Kapteni akasema lazima tupige picha. Kocha akakataa, ukuta ni wa waliofika. Kapteni akasema sawa, ukuta ni wa waliofika, lakini sisi tulikuwepo, na yeye magoti yake nayo yamekwisha, hana msimu mwingine wa kusubiri. Sikujua! Msimu mzima nimelilia magoti yangu tu, na mwenzangu alikuwa anameza vidonge kimya. Nikaona haya hadi masikioni.

Tukapiga picha. Walinisimamisha pembeni. Hietala akaomba kusimama karibu yangu.

Jumapili, 21 Aprili

Noreen alinipigia akasema Baba ameshavaa jezi tangu asubuhi na hataki kuivua, kwa hiyo kama mimi ni mwanamume nije. Nikaenda. Nilitegemea anitukane. Akaniuliza tu gari liko wapi.

Tukampakia, na tulipofika tukamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, mimi na Noreen, hadi ndani ya uwanja. Pale ukutani akainua kichwa atafute picha yake ya 1974. Shingo haikufika. Akasema imewekwa juu mno, mwaka wa pili huu haioni. Kisha akauliza, ya kwako iko wapi?

Nilianza kueleza. Baba, hatukupita, Baba, mlango... Ndipo Kapteni akatoka benchini na bisibisi mkononi. Alikuwa ameshaifunga picha yetu. Si ukutani. Kwenye mlango wa benchi, upande wa ndani, chini kabisa ya kitasa. Nungunungu wote, na mimi pembeni, macho nimefumba kama kawaida. Chini yake mtu ameandika: Bisha hodi.

Baba akasogezwa hadi benchini. Picha ilikuwa sawa na macho yake. Akaitazama muda mrefu, akaweka kidole juu ya uso wangu. Akasema, "Hii naiona." Halafu akapumzika. Halafu akaniambia nilikuwa nimesimama vizuri, ila nitengeneze kofia.

Nililia mbele ya watu wote. Hakuna ukungu wa kusingizia.

Nimemrudisha, amekula pirogi tano. Tano!

Sasa nimetulia, na nikitulia huwa naona mambo kwa uwazi. Nimeyarudia maneno ya Kocha. Afadhali mwakani Hietala afungue mlango na mimi nikae golini. Wengine walidhani ni hasira. Mimi nimekaa na huyu mzee miaka kumi na moja, namjua. Mtu hasemi mwakani kwa mchezaji asiyemtaka! Magoti nitayapasha moto kuanzia kesho. Ndevu nimeanza leo, maana nikianza Aprili hakuna wa kuniita mwenye kiherehere, msimu haujaanza hata kidogo.

Nimempigia Noreen nimweleze mpango mzima. Amekata simu. Atanielewa baadaye. Kosa letu lilikuwa ile glavu ya sufu, ndogo, tena ya mkono wa mlango. Glavu ya kipa ni kubwa kama mto wa kulalia. Simu itakaa humo bila taabu.