Stima Inayovuja Kiruthi

Bahati ya Kefa Makokha ilimjia ikiwa imefunga nusu kilo ya mbavu za mbuzi.

Aliinunua nyama ile kwenye bucha moja ya Nyeri, mwaka wa sabini na sita, akaibeba hadi chumba chake cha kupanga kule Skuta. Kabla ya kuitia sufuriani alisoma gazeti lililoifunga, maana alikuwa mtu wa kusoma kila kitu. Chini ya doa la mafuta palikuwa na tangazo. Manispaa ya mji wa Kiruthi ilitafuta kampuni ya kusimamia bili zake zote za stima: taa za barabara, kichinjio, soko, pampu za maji na wodi ya wazazi. Kampuni itakayochaguliwa ingepokea bili, izikague, izilipe kwa niaba ya baraza na kupunguza gharama. Ili ianze kazi, ingekabidhiwa shilingi elfu kumi na nane.

Kefa alisoma sentensi ya mwisho mara tatu. Nyama ikangoja.

Stima aliijua. Kwa miaka sita alikuwa msoma mita wa kampuni ya stima, akizunguka nyumba kwa nyumba na daftari lake, hadi siku ilipogunduliwa kwamba alikuwa amesoma mita za mtaa mzima akiwa ameketi baa, na kwamba baadhi ya nyumba alizozisoma zilikuwa bado hazijajengwa. Tangu hapo aliuza dawa ya kuzuia radi, akauza viwanja vilivyokuwa katikati ya mto, na katika kila mji alikuwa na jina jingine.

Lakini alikuwa amechoka. Kule Kagio kulikuwa na mzee aliyekuwa akiuza mashine yake ya kusaga mahindi kwa elfu kumi na sita. Kefa alikuwa amesimama kando ya mashine hiyo siku nzima akiisikiliza ikinguruma. Alijiona ameketi juu ya kigoda, nyusi nyeupe kwa unga, akiitwa Bwana Kefa na watu ambao kesho yake angetaka warudi. Mzee alikuwa amempa hadi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja jioni. Hiyo ndiyo ilikuwa taabu ya Kefa: alitaka sana kuwa mtu mwaminifu, ila alikosa mtaji.

Kufika Jumatatu, Kampuni ya Usimamizi wa Nishati Mlima Kenya ilikuwa na muhuri, karatasi zenye picha ya mlima, na mkurugenzi mwenye tai.

Kamati ya kuchagua ilikaa katika ukumbi wa baraza la Kiruthi. Kwanza waliomba. Baada ya maombi wakanywa chai na mandazi, na baada ya chai Meya Kingori, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, akafungua bahasha mbele ya wote, kama sheria inavyotaka. Bahasha zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya shemeji yake Meya, ambaye alikuwa akitengeneza majeneza na alikuwa amesahau kubadilisha karatasi, hivyo ombi lake lilianza kwa kuwapa wanakamati pole nyingi. Ya pili ilikuwa ya mpwa wa Diwani Gatimu, mwenyekiti wa kamati ya fedha. Yeye aliandika kwamba hajui stima lakini yuko tayari kufundishwa. Ya tatu ilikuwa ya Kefa.

"Simama ujieleze, Bwana Mkurugenzi," alisema Meya.

Kefa alisimama. Alitoa mkobani kisanduku cheusi chenye mshale. Zamani kilikuwa redio. Sasa ndani kulikuwa na matumbo ya saa ya mezani.

"Waheshimiwa, niwaulize kitu moja. Bomba ya maji ikitoboka, maji inaenda wapi?"

"Inamwagika," alisema Gatimu.

"Na nani analipa hiyo iliyomwagika?"

"Si ni mwenye bomba!"

"Basi ndiyo hivyo. Stima yenu inavuja." Akakisogeza kisanduku karibu na soketi ya ukutani. Kisanduku kikalia *krrrr*, mshale ukaruka. "Sikieni wenyewe. Hata sasa hivi inamwagika hapa chini."

Diwani Gatimu aliinua miguu yake yote miwili kutoka sakafuni, akabaki hivyo hadi mwisho wa mkutano.

"Ati inavuja miaka hii yote!" alisema Meya. "Na sisi tukilipa!"

"Hamkuwa mkilipa, Mheshimiwa." Sauti ilitoka mwisho wa meza. Alikuwa Sista Selpha, mkunga mkuu wa wodi ya wazazi, mama mwembamba wa miaka hamsini hivi, aliyeletwa Kiruthi na serikali kutoka magharibi mwa nchi na hakurudi tena. Aliwekwa kwenye kamati kwa sababu kanuni zilitaka mtumiaji wa stima, na taa za barabara hazingeweza kuja. "Mwezi wa tatu hamkulipa. Stima ilikatwa siku tisa. Siku ya nne Mwalimu Murugi akajifungua kwa mshumaa. Nilikuwa na mkono mmoja wa mshumaa na mmoja wa kuzuia damu. Haukutosha kumwokoa."

Meya alikohoa. Mwezi huo wa tatu madiwani walikuwa Mombasa, wakijifunza jinsi miji mingine inavyolipa bili.

"Na mwisho wa mwezi huu wanakata tena," aliendelea Selpha. "Barua iko hapa. Deni ni elfu kumi na tano na mia sita. Bwana Mkurugenzi, hiyo stima inayovuja chini, inafanya nini huko?"

Kefa alimtazama. Macho ya yule mama yalikuwa yametulia juu yake muda mrefu kuliko alivyopenda.

"Inalisha udongo, Sista. Hamjaona viazi vya huko nyuma vimekuwa vikubwa?"

"Nimeviona," alisema Selpha.

Walipopiga kura, wawili walimtaka fundi majeneza na wawili wakamtaka mpwa. Ndipo Selpha akainua mkono. "Mimi nampa huyu. Huyu angalau anajua mita iko upande gani." Wale wanne, kila mmoja akiona heri mgeni kuliko jamaa ya mwenzake, wakamfuata mmoja mmoja.

Nje, karibu na tangi la maji, Meya alimshika Kefa kiwiko. "Kijana, asilimia kumi."

"Hiyo imepangwa, Mheshimiwa."

"Usilete ofisini. Ofisini kuna watu."

Nyuma ya tangi lile lile, dakika tano baadaye, Gatimu aliitaka kumi yake, akakanyaga kwa uangalifu mahali ambapo stima haikuwa imemwagika. Kefa alimwahidi naye. Angeweza kuwaahidi ishirini, kwa vile hakuwa na nia ya kuwapa hata tano.

Kuhusu makabidhiano, Selpha ndiye aliyemfuata Meya na wazo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kungekuwa na harambee ya kuinunulia wodi taa na vitanda. Afisa wa tarafa, yaani DO, angekuja, na mpiga picha. Kwa nini Mheshimiwa asimkabidhi mkurugenzi mkoba wa fedha pale pale, watu wote wakiona? Meya alijiona kwenye picha, akakubali kabla mama hajamaliza. Na Bwana Mkurugenzi awe mgeni wa heshima.

Kefa aliposikia alicheka peke yake. Harambee ingeanza saa nne. Saa saba angekuwa na mkoba, saa kumi angekuwa Kagio.

Jumamosi uwanja wa wodi ulijaa. Akina mama wa kikundi cha Gakindu walikuwa wamekuja na sare za kijani, wametoka kwenye mashamba yao ya kahawa wakanawa mikono na kuingia moja kwa moja kwenye wimbo. Kefa aliwekwa kwenye kiti chenye kitambaa, akavishwa shada la maua. Meya alihutubia nusu saa, akamkabidhi mkoba, akamshika mkono hadi mpiga picha alipomwomba amwachilie. Kefa aliupima mkoba kwa paja lake. Ulikuwa mzito vizuri. Alianza kutafuta kwa macho njia ya kwenda msalani.

Sista Selpha alichukua kipaza sauti.

"Wananchi, mgeni wetu ni mtu wa ajabu. Wengine wakipewa pesa za umma husema ngojeni Jumatatu. Yeye amekataa kungoja. Anataka kazi ya kwanza ya kampuni yake aifanye hapa, leo, mbele yenu. Atalipa deni lote la stima! Mpigieni makofi!"

Kefa hakuwa amemwambia kitu kama hicho. Hakuwa amemwambia kitu chochote.

"Na ili asisumbuke kwenda Nyeri," aliendelea mama, "nimemwalika karani wa malipo wa kampuni ya stima. Bi Gaudencia, njoo mbele."

Kutoka chini ya turubai alitoka mwanamke mrefu mwenye miwani, kitabu cha risiti kwapani. Kefa alilivuta shada la maua juu hadi puani. Kwa miaka sita Gaudencia alikuwa ndiye anayepokea daftari lake la mita. Ni yeye aliyegundua zile nyumba ambazo hazijajengwa.

Gaudencia aliweka meza ndogo mbele yake, akaketi, akakifungua kitabu.

"Habari ya siku nyingi," alisema polepole, bila kipaza sauti. "Niandike jina gani leo?"

Kefa alitazama kulia: afisa wa tarafa, na askari wawili waliosimama nyuma yake. Alitazama kushoto: Meya, jasho likimtiririka. Mbele yake akina mama wa Gakindu walikuwa wameanza wimbo mpya wenye maneno machache, *fungua mkoba tuone, fungua mkoba tuone*, wakisogea hatua moja mbele kila ubeti.

"Andika Manispaa ya Kiruthi," alisema Kefa, na kufungua mkoba.

"Unafanya nini?" Meya alimnong'oneza. "Hiyo ni yangu unatoa!"

"Basi nizuie, Mheshimiwa."

"Nikuzuie aje? DO anapiga makofi!"

Elfu kumi na tano na mia sita zilihesabiwa kwa sauti, umati ukiitikia kila elfu. Gaudencia akapiga muhuri. Risiti ikainuliwa juu, na mpiga picha akampiga Kefa picha ya kwanza maishani mwake akifanya kazi aliyoajiriwa kufanya.

Elfu mbili na mia nne zilibaki. Hazikutosha mashine, lakini zilitosha kufika mbali. Kefa alifunga mkoba. Ndipo akaletwa jogoo.

Msomaji aliyewahi kuketi katika harambee za huku kwetu anajua kwamba jogoo wa mnada hauzwi mara moja. Anayemnunua humrudisha kwa heshima ili auzwe tena, na kila akiuzwa humtazama mgeni wa heshima. Jogoo yule alikuwa mwekundu, mwenye jicho moja bovu. Gatimu alimnunua kwa shilingi ishirini akamrudisha. Kefa akamnunua kwa mia mbili. Akamrudisha, akidhani amemaliza.

"Mgeni amerudisha!" alipaza mshereheshaji. "Mtu wa stima hawezi kutoa mia mbili kama mtu wa sukuma wiki! Ama imevuja?"

Watu walicheka hadi turubai likatikisika. Kefa alimnunua jogoo kwa mia nne. Kisha kwa mia sita. Kulikuwa pia na mkungu wa ndizi, kikapu cha mayai na kiazi kimoja kikubwa sana kilichosemekana kimetoka nyuma ya ukumbi wa baraza. Hicho kilimgharimu mia tano. Mwishowe alimnunua jogoo kwa mia sita na hamsini zilizobaki na kumkumbatia asirudi tena kokote.

Saa kumi na moja jioni, saa ambayo mzee wa Kagio alikuwa akitazama barabara, Kefa alikuwa ameketi kwenye ngazi za wodi, mkoba mtupu upande mmoja na jogoo upande mwingine. Sista Selpha alimletea kikombe cha chai, akaketi.

"Ndugu yangu, kunywa. Umeongea na Meya?"

"Ananitafuta. Gatimu pia. Kila mmoja anadai kumi yake." Akanywa. "Ulinijua lini, mama?"

"Siku ya kisanduku. Wewe ulikuwa ukisoma mita yetu hapa. Ulikuwa unakunywa chai yangu, unaandika namba bila kuinuka."

"Na ukanipigia kura."

"Nikakupigia."

"Kwa nini hukuniitia polisi tu?"

Selpha aliangalia kitanda cha kwanza karibu na mlango, kile kilichokuwa kimetandikwa na hakikulaliwa. Ukutani juu yake kulikuwa na kipande cha kadi chenye jina la Mwalimu Murugi, kwa mwandiko wa mkunga.

"Wangekufunga wewe, na pesa zingebaki kwa baraza. Unajua zingefika wapi. Miaka miwili nimewaandikia barua, nimewapigia magoti. Pesa hazikutoka. Nikafikiri, katika mji huu ni mwizi peke yake anayeweza kuzitoa. Nikaomba Mungu aniletee mmoja. Akakuleta wewe na hiyo redio yako."

Kefa hakujua kama amesifiwa.

Giza lilipoingia, mtu aliwasha taa ndani ya wodi. Mwanga ulipita mlangoni, ukaanguka juu ya ngazi, juu ya jogoo, ambaye alilifungua jicho lake zima, akadhani kumekucha na kuwika kwa nguvu zake zote. Mama mmoja akamkaripia kutoka ndani, akisema ndio kwanza mtoto amelala.

Kefa alisimama, akamkabidhi Selpha yule jogoo. "Mwuze tena," alisema. Akaondoka kwa kuzunguka nyuma ya ukumbi wa baraza, mahali ambapo madiwani hawakuwa wakikanyaga siku hizo, wakiogopa stima.