Ukuta wa Chumba Namba Kumi na Moja

Kwa furaha kubwa, Kamati ya Kuvutiwa na Maisha ya Wafungwa ilitangaza maonyesho ya sanaa ndani ya gereza letu kongwe, ambalo sasa ni makumbusho, huku Australia Magharibi. Mimi ndiye katibu, na kila kitu kilifuata utaratibu.

Kazi arobaini zilipokelewa. Mshindi akawa Mwenyekiti wetu, Bwana Neville Strickland, aliyechora upweke baada ya kulitembelea gereza mara mbili, moja ikiwa na chakula cha mchana. Picha yake ilihitaji ukuta mweupe. Tukachagua chumba namba kumi na moja.

Ndipo akaja mzee Lindsay Pascoe, aliyewahi kufungwa katika chumba hicho miaka sita. Ukutani alikuwa amemchora binti yake Noreen, kwa mswaki, dawa ya meno na majivu ya sigara. Noreen alishafariki. Picha yake nyingine mzee hana.

"Msimpake chokaa, nawaomba."

"Mzee wangu," Mwenyekiti alimjibu kwa upole, "sisi tunataka watu waliovutiwa na maisha ya wafungwa. Wewe uliyaishi tu."

"Nisamehe, bosi. Miaka sita ndani, na kuvutiwa nikasahau."

Nikamfafanulia kanuni: alama ya ukutani huhifadhiwa, pamoja na ukuta wake wote, ikiwa ofisa alishuhudia, kwa maandishi, ikichorwa na mtu aliyefungiwa. Mzee hakuwa na hati. Askari wa enzi zake wangeshuhudia, wangemnyang'anya mswaki.

Asubuhi ya kupaka chokaa, Mwenyekiti aliingia chumbani apigwe picha ya majonzi.

"Funga mlango, katibu. Ionekane kweli."

Nikafunga. Mlango ule hauna kitasa kwa ndani, na ufunguo wetu ulikuwa wa duka la zawadi.

Fundi wa vitasa alifika baada ya muda wa saa tatu. Kabla hajafika, nilichungulia tunduni nikamwona Mwenyekiti akilia huku akikwaruza ukuta kwa pini ya tai: NITOENI. Nikaandika saa (mbili na nusu asubuhi), mahali na jina, nikatia sahihi. Katibu naye ni ofisa; ni wajibu wangu.

Hivyo ukuta mzima ukahifadhiwa, Noreen akiwemo. Ndoo za chokaa zikarudi stoo.

Ikabaki fomu ya kibao cha mlangoni, ambayo sharti ijazwe na mtu mwenye uzoefu. Nikamwita mzee Pascoe.

"Tabia ya mfungwa?" nikamsomea.

Alimtazama Mwenyekiti kwa huruma.

"Andika alilia. Si aibu, sote tulilia. Ila sisi tulingoja angalau chai ya saa nne."

Kibao cha shaba kinasema hivyo hivyo.