Wateja Wasiosikia

Nakiri, kabla ya yote, kwamba kwa muda wa miezi kumi na minne sikung'amua kuwa wateja wangu hawakuwa viziwi.

Kosa hilo ni langu, nami ni mtu wa Tanga mwenye shahada mbili za isimu. Lakini nieleze mazingira yake. Kampuni ya kadi za mkopo iliyoniajiri katikati ya Johannesburg, ambayo nimeapa kwa maandishi kutoitaja jina, ilitangaza katika hafla yenye keki kuanzishwa kwa Kitengo cha Uelewa wa Mteja. Sheria ya mikopo ya nchi hii inataka anayekopa aelewe gharama na wajibu wake kabla ya kusaini. Asipoelewa, mahakama yaweza kuukataa mkataba. Mkurugenzi aliichukulia sheria hiyo kwa uzito. Aliona kwamba uelewa ni jambo nyeti mno kuachiwa wateja, akanikabidhi mimi.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Wasusi, mafundi cherehani na walinzi wa Kikongo walifika kuomba kadi kutoka vitongoji vya Bertrams na Observatory. Niliwasomea kurasa ishirini na sita za mkataba, nilizozitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili sanifu, nikawauliza kama wameelewa, nikajaza fomu. Wao walisaini, Mkurugenzi akaidhinisha.

Tatizo lilijitokeza wiki ya kwanza. Murielle, msusi kutoka Bukavu, alinitazama kwa adabu mwishoni mwa ukurasa wa kumi na tisa.

"Papa Bakiri," akasema, "hii makaratasi miye siko nasikia."

Nikapaza sauti. Nikairudia ibara ya riba mpaka mlinzi wa ghorofa ya chini akapanda kuuliza kama kuna ugomvi. Murielle akasema bado hasikii. Basi nikaandika kwenye fomu, kwa mwandiko ambao walimu wangu waliusifu: Mteja anasema hasikii. Amerudiwa kwa sauti ya juu mara tatu. Murielle akasaini huku akinung'unika kwamba papa akishakasirika hivi, heri mtu aandike jina lake aende zake.

Kufikia mwezi wa pili ilidhihirika kwamba maradhi hayo yameenea. Niliwasilisha ripoti ya kurasa arobaini kuhusu uziwi miongoni mwa wahamiaji wa Kivu na Katanga, nikikisia kuwa chanzo ni spika za makanisa yao. Mkurugenzi aliisifu sana, akaninunulia kipaza sauti. Luqman wa mapokezi, kijana wa Dar es Salaam asiye na shahada yoyote, aliniambia kaka, hawa watu wanasikia hata sarafu ikianguka kwenye zulia. Nilimjibu kwamba takwimu zinasema vingine.

Kisha Murielle akashindwa kulipa. Kampuni ikamshtaki, ikiomba vitu vya saluni yake vikamatwe: viti vitatu na mashine mbili za kukaushia nywele, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikiwasomesha wanawe. Wakili wake, wa kituo cha msaada wa kisheria, hakukanusha kwamba kadi ilitumika. Aliomba kitu kimoja tu, fomu kutoka Kitengo cha Uelewa.

Niliitwa kuwa shahidi wa kampuni, nikaisoma fomu ile kwa fahari. Mkalimani, Clémentine wa Uvira, akaanza kutafsiri, akasita, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Mheshimiwa," akasema, "kwetu Kongo kusikia ndiyo kuelewa. Mama huyu alisema haelewi."

Wakili wa kampuni akapinga: Kiswahili sanifu kinatofautisha mambo hayo, na kampuni ilikopesha kwa Kiswahili sanifu. Hakimu, mama wa Kizulu, akavua miwani. Alisema hata kwa Kizulu kusikia na kuelewa ni neno moja, na kwamba bibi yake alimuuliza "uyezwa?" kila siku ya utoto wake bila kuyakagua masikio. Kisha akanigeukia.

"Bwana Bakiri, mama huyu alipokwambia haelewi, ulifanya nini?"

"Niliongeza sauti, Mheshimiwa."

"Na alipokwambia tena?"

"Niliongeza tena."

Mtu mmoja nyuma ya ukumbi akasema "eish", kwa huruma, sijui kwa nani.

Ikaamuliwa kwamba mkataba ule hautekelezeki dhidi ya Murielle, naye akarudi Bertrams kwenye viti vyake. Kabla sijashuka kizimbani, wakili wake aliniuliza kama zipo fomu nyingine za namna hiyo. Msomi hujibu anachoulizwa. Nilisema zipo mia mbili na kumi na tatu, zimepangwa kialfabeti, na kila moja ina sahihi ya Mkurugenzi.

Bodi ya kampuni ikamwita. Alijitetea kwamba yeye hajui Kiswahili hata neno, hivyo alizisaini fomu zote bila kuelewa kilichoandikwa. Wajumbe wakamjibu kwa maneno aliyozoea kuwaambia wadaiwa kwenye simu, kwamba sahihi ni sahihi, na hasara yote ya fomu hizo ikakatwa kwenye marupurupu yake.

Siku hizi hakuna anayesaini chochote katika kampuni ile, awe mteja au mkubwa, kabla ya kuueleza mkataba kwa maneno yake mwenyewe. Mkurugenzi alikuwa wa kwanza kupimwa. Amefeli mara nne.