Miti ya Kona ya Mashetani

Jumatatu, 3 Machi
Mpango umekamilika! Wakaguzi wa bustani za mtaa wanapita Jumapili, na mwaka huu jirani yetu Kuramochi hanishindi. Miti yetu michanga ya hiiragi, kijani mwaka mzima, majani ya miiba, imefichwa nyuma ya choo, kona ya kaskazini-mashariki. Nani anakagua choo? Naihamishia langoni. Mke wangu Fusae amekuja juu. Eti marehemu mama yake aliipanda pale makusudi, kuwazibia mashetani njia, kwani hupitia kona hiyo. Nikamwambia mashetani wa siku hizi wanapiga kengele mlangoni. Hakucheka.

Jumanne, 4 Machi
Nimechimba, nimefunga mizizi na udongo wake kwa kamba ya majani ya mpunga. Mgongo sina. Langoni imependeza mno! Kuramochi kachungulia, kauliza, “Sasa kule nyuma analinda nani?” Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nilipochimba hapakauki. Jua kali, udongo bado umelowa. Leo kuna unyayo mmoja, umeelekea ndani. Vidole vingi mno. Nimeufuta kwa reki kabla Fusae hajauona. Tatizo limekwisha.

Ijumaa, 7 Machi
Halijaisha. Mchana kweupe, Fusae yuko sokoni, mtu amekohoa sebuleni. Nikaita. Akakohoa tena, kwa adabu, kama mgeni anayengoja chai. Fusae aliporudi akakuta mto wa kukalia umebonyea, una joto. “Mume wangu, irudishe miti, ama naenda kwa dada yangu Nagoya, na safari hii sirudi.” Hilo liliniogopesha kuliko kikohozi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeirudisha! Nikashindilia udongo, nikaumwagia sake kidogo, pombe ya mchele. Kisha nikazunguka vyumba vyote nikirusha maharage ya kukaanga yaliyobaki kwenye sherehe ya Februari ya kufukuza mashetani, nikipaza sauti, “Mashetani nje! Bahati ndani!” Fusae, begi mkononi, akauliza nimeanza na lipi, miti au maharage. Miti, nikajibu kwa fahari. Akaanza kuvaa viatu.
“Kwa hiyo umemfungia ndani. Atatokea wapi?”
Sebuleni mtu akakohoa. Fusae amepanda basi.

Jumapili, 9 Machi
Kuramochi kashinda. Nimepika wali, nikala peke yangu, au karibu peke yangu: nilipogeuka, bakuli la Fusae, nililolijaza kwa mazoea, lilikuwa tupu. Nimemkumbuka mke wangu hadi machozi. Lakini nimepata wazo kubwa! Mpakani kuna msonobari wetu mchanga, unaoziba pengo la ua. Nikiung'oa, utabaki mwanya wa kutosha mgeni kuhamia kwa Kuramochi. Nimemweleza mgeni mpango. Amekohoa mara moja. Nadhani amekubali.