Kijani cha Wakiuru na Kijani Changu

Jumatatu, 6 Mei 1985

Mbula mwanangu, ukilisoma daftari hili ujue nimekasirika. Krismasi mbili hujakanyaga Emali. Miguu ilikatwa? Mama yako ameingia darasa la ngumbaru na meno yake matatu, amejua kuandika, na wewe hata barua huna.

Sasa sikia. Mchoraji Mulei anachora malisho ya Zaburi nyuma ya mimbari. Wakiuru wa duka la nguo ameleta kopo la unga wa rangi ya kijani kutoka Nairobi. Mulei anasema ni wa madini, hauchujuki hata kwa jua. Jumapili Wakiuru atasimamishwa mbele ashukuriwe. Mimi nimefagia kanisa hilo miaka ishirini. Nani alinisimamisha?

Jumanne, 7 Mei

Unga hautoshi! Utafika nusu ya ukuta tu. Nikamwambia Mulei nusu ile nyingine ni yangu. Akauliza rangi nitatoa wapi. Nikamwambia achore kondoo, majani aniachie.

Jumatano, 8 Mei

Nimetwanga majani ya kunde kinu kizima, nikakamua kwa leso, nikatia uji kidogo ishike. Mulei akapaka huku anaguna. Kijani hicho! Cha Wakiuru kando yake ni mgongo wa chura. Nikamwambia hivyo hivyo. Akajibu polepole, "Mama Mbula, rangi si mboga."

Wivu huo.

Ijumaa, 10 Mei

Upande wangu umeanza kuwa manjano. Nimefunga dirisha. Watu nimewaambia ni majani yanakomaa.

Jumapili, 12 Mei

Kahawia yote. Kondoo wa Wakiuru wanashiba, wangu wamesimama kwenye kiangazi. Mzee Ndululu akasema kwa sauti, "Huku ni Mutomo, mvua haijafika." Kanisa likacheka, hata mchungaji, nyuma ya Biblia. Wakiuru akapigiwa makofi. Mimi nilipiga mawili tu.

Jumatatu, 13 Mei

Wakiuru amekuja na kopo jipya. Ati nilipeleke mimi kwa Mulei, yeye hatamwambia mtu. Huo moyo wake mzuri unaniudhi kuliko duka lake. Nimempa chai ya maziwa mengi, kopo nimemrudishia. Kosa langu nimeshaliona: kunde ni tamu, ndiyo maana jua limezila. Mwarobaini ni mchungu. Jua litautema.

Ukija, nikatie matawi ya mwarobaini njiani, mengi. Dukani kwa Wakiuru usipitie. Lakini akikuita, mwitikie vizuri. Nilikulea.