Kapsuli Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Februari
Kuwasha: 3. Mabaka: 3. Daktari Kaveke wa kliniki hapa Voi ameagiza niandike hivyo kila siku, sifuri hadi tatu. Mengine naandika kwa hiari yangu.

Majibu ya damu yametoka. Nina upungufu wa vitamini D. Mimi! Mzaliwa wa Voi, ambako jua linakufuata hadi kivulini! Nikamwambia daktari mashine yake imekosea. Akatazama shati langu la mikono mirefu, limefungwa vifungo hadi shingoni, akauliza nimevaa hivyo tangu lini. Tangu mabaka yaanze, nikasema. Miaka miwili. Ni kweli, nimekuwa nikijificha.

Nimepewa kapsuli kumi na mbili, moja kwa wiki. Kidonge cha aleji nisikiache, kila jioni. Akasema wazi kwamba vitamini hiyo huwasaidia baadhi ya watu tu, tena polepole.

Polepole! Jumamosi ya tarehe 15 tunaenda Taveta kumposea Lewis, mwana wa marehemu kaka yangu. Msemaji wa ukoo ni mimi. Binamu yangu Festus anaitaka kazi hiyo tangu tukiwa shule.

Jumanne, 4 Februari
Kuwasha: 3.
Kwanza nilijaribu vitamini ya bure. Saa sita mchana, nyuma ya ghala la mahindi ninapofanya kazi ya ukarani, nikavua shati nikajilaza juu ya turubai la kuanikia mahindi. Dakika ishirini. Joto likaamsha hata mabaka yaliyokuwa yamelala. Wapakiaji wakauliza nitapimwa unyevu saa ngapi.

Ndipo nikapiga hesabu. Kapsuli ni kumi na mbili. Kuanzia leo hadi tarehe 15 ni siku kumi na mbili. Daktari mwenyewe hakuliona hilo! Moja kwa siku, basi. Nimemeza ya kwanza. Cha aleji nimekiacha. Kinaleta usingizi, na msemaji hasinzii.

Ijumaa, 7 Februari
Kuwasha: 1. (Mgongo sijauhesabu kwa sababu siuoni.)
Festus ameandika kwenye kundi la ukoo kwamba ananiombea nafuu, na lolote likitokea yeye yuko tayari. Lolote likitokea! Ameshanizika.

Nimekumbuka siku za mwisho za kaka. Alinishika mkono akasema nimwangalie Lewis. Hakusema niwe msemaji. Hilo nililiongeza mwenyewe, na nimelirudia mara nyingi hadi nalisikia kwa sauti yake.

Jumatano, 12 Februari
Kuwasha: 2, nikijihurumia.
Kichefuchefu. Kiu isiyoisha. Choo hakuna tangu Jumapili. Mke wangu Mkamburi anauliza mbona namaliza mtungi mzima wa maji. Nimemjibu ni jua. Kwa maoni yangu ni vitamini inaingia. Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya magunia. Hayakupinga lolote.

Jumamosi, 15 Februari
Siwezi kuandika kuwasha. Namba zinaishia tatu.
Nimemeza ya kumi na mbili alfajiri. Tulipopita Mwatate mdomo wa juu ukaanza kuniwasha. Tulipofika Taveta ulikuwa umevimba kama ndizi ya kukaanga. Wazee wa kina Tracy, mchumba wa Lewis, wakatukaribisha, wakauliza tumekuja kutafuta nini. Nikasimama. Nikafungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa neno. Mtoto mmoja akalia.

Festus akainuka. Alikuwa na karatasi mfukoni! Akasema vizuri, nakiri. Wazee wakacheka mahali pa kucheka, na posa ikakubaliwa.

Nikatoka nikaketi nyuma ya migomba. Nilitamani ardhi inimeze. Lewis akanifuata. Nikamwonyesha kwa ishara arudi kwa wakwe zake. Akaketi.

“Baba mdogo,” akasema, “msemaji tungepata hata wa kuazima. Mimi nilitaka mtu wa kuketi mahali pa baba. Na kile kiti umekiacha wazi.”

Nikarudi ndani. Nikaketi hapo hadi mwisho, mdomo wangu ukiwa mbele ya watu wote. Nililia kidogo, wakadhani ni uvimbe.

Jumatatu, 17 Februari
Mkamburi amenipeleka kliniki mwenyewe, pakiti tupu mkononi. Daktari Kaveke akahesabu matundu yake yote kumi na mawili. Damu ikapimwa, kalsiamu imepanda. Akasema ningeweza kuharibu figo, na kwamba mdomo ulivimba kwa sababu niliacha kidonge cha jioni. Kapsuli basi, hadi aseme yeye. Nirudi kupimwa wiki ijayo. Hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi.

Alhamisi, 20 Februari
Kuwasha: 1. Ya kweli.
Kidonge kimoja kila jioni, na nimelala kama mtoto. Leo nimeenda kazini na mikono mifupi. Hakuna aliyekimbia.

Lewis amepiga simu. Harusi ni tarehe 5 Aprili. Ameniomba nikae mahali pa baba yake. Nikae tu, amesisitiza, nisiseme neno. Nikamwahidi kwa moyo wote.

Sasa, kama kidonge kimoja kimeleta mambo haya yote kwa siku tatu, viwili je? Mkamburi asijue. Na hotuba nimeshaianza. Niko ukurasa wa nne, bado nasalimia.